Tumaini: Mchezo Unaomwachia Mtoto Aamue

Swali la mtihani humtaka mwanafunzi ataje jibu sahihi. Somo la kufanya maamuzi lina kazi ngumu zaidi: kumfikisha mahali ambapo jibu analijua, lakini rafiki anamsihi, zawadi iko mezani na mzazi hayupo karibu.

Hapo ndipo lilipo jaribio la Tumaini, mchezo wa simu wa kuzuia VVU uliokusudiwa watoto wa miaka 11 hadi 14. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Emory cha Marekani, wakiongozwa na Kate Winskell, waliujaribu Kisumu mwaka 2017 kwa kushirikiana na wenzao wa Kenya. Winskell hakuwa mgeni wa hadithi za vijana. Kwa miaka mingi alikuwa amefanya kazi na Scenarios from Africa, shindano lililoanza 1997 ambamo vijana waliandika visa vyao kuhusu Ukimwi.

Mchezaji huwaamulia wahusika vijana: waende au wakatae, wanyamaze au waseme? Kila uamuzi una matokeo yake, na mtoto huyaona bila yeye mwenyewe kudhurika. Kisha kuna sehemu inayomtoa kwenye kisa na kumgeuzia swali: wewe je, malengo yako ni yapi?

Watoto 60 walishiriki. Waliopangiwa kucheza walipewa simu za Android zenye mchezo ndani, wacheze walau saa moja kwa siku kwa siku 16. Wiki sita baadaye walikuwa wamewazidi wenzao wasiocheza kwa maarifa na kwa kujiamini. Hata hivyo, sitini ni wachache, na kujua si kutenda.

Huku Tanzania, Nyololo, wilayani Mufindi mkoani Iringa, iko kando ya barabara kuu iendayo Zambia kupitia Mbeya. Utafiti wa 2022–23 ulikuta maambukizi ya VVU kwa watu wazima ni asilimia 11.1 Iringa na 9.6 Mbeya, wakati wastani wa taifa ulikuwa 4.4. Mchezo wa aina hii unahitajika huku, ila visa vya Kisumu havitatosha. Mtoto wa Nyololo ataamua kuhusu lifti ya lori, au kuhusu mama anayetafuta binti wa kazi wa kumpeleka Dar es Salaam.

Atakayeutengeneza akusanye kwanza hadithi za watoto wenyewe. Mtaalamu wa programu aitwe baadaye.