Wakazi: Hakuna

Kuna aina ya uandishi ambayo hatuihesabu kuwa uandishi: ule ukurasa wa maelezo ya nchi. Kila aliyepita shule ameukariri. Mahali, eneo, hali ya hewa, wakazi, serikali, uchumi. Hauna jina la mwandishi chini yake, na kwa sababu hiyo tunauamini kuliko tunavyoiamini riwaya yoyote. Kwa wiki kadhaa nimekuwa nikisoma kurasa za namna hiyo kuhusu Eneo la Uingereza katika Bahari ya Hindi, yaani visiwa vya Chagos, sambamba na vitabu viwili vinavyohusu visiwa hivyohivyo. Kati ya maandishi yote hayo, ukurasa wa takwimu ndio wenye ubunifu mwingi zaidi.

Tuanze na jiografia, maana haina ugomvi. Ni visiwa vidogo vya matumbawe, zaidi ya 50, kiasi cha kilomita 500 kusini mwa Maldives. Nchi kavu yote ukiijumlisha ni kama kilomita za mraba 60 tu, na karibu nusu yake ni kisiwa kimoja, Diego Garcia, chenye umbo la unyayo. Serikali: Kamishna, na ofisi yake iko London. Nembo ya eneo ina kasa wawili na maneno ya Kilatini yanayosema kwamba Limuria iko chini ya ulinzi wetu. Limuria ni jina la bara ambalo baadhi ya wanasayansi wa karne ya 19 walidhani lilizama katika Bahari ya Hindi. Halikuwahi kuwepo. Kwa hiyo serikali yenyewe inakiri, kwa Kilatini, kwamba inalinda nchi ya kufikirika.

Uchumi: kambi ya kijeshi ya Marekani na Uingereza iliyoko Diego Garcia. Na stempu. Na zile herufi .io ambazo kila kijana anayeunda programu, awe Nairobi au Dar es Salaam, ameshaziona mwishoni mwa anwani ya tovuti. Herufi hizo ni za visiwa hivi. Walioziuza duniani kote hawakuwa watu waliozaliwa huko.

Halafu unafika kwenye wakazi. Kwa miaka mingi kitabu cha takwimu za nchi kilichotolewa na CIA kilieleza kwamba hakuna wakazi wa asili, na kwamba waliokuwa wafanyakazi wa mashambani walihamishwa kwenda Mauritius na Ushelisheli. Mwalimu wangu wa sarufi angesimama hapo hapo. Walihamishwa, kauli ya kutendwa. Na nani? Mtenda hayupo. Na mtendwa naye amepewa jina la kazi badala ya jina la kwao, kama vile mtu anayeitwa mfanyakazi hana mahali alipozaliwa, ana mahali alipoajiriwa tu.

Jibu la swali la mwalimu linajulikana. Novemba 1965, kabla Mauritius haijapata uhuru wake wa 1968, Uingereza ilivitenga visiwa vya Chagos na kuunda koloni jipya, wakati wenzake wote duniani walikuwa wakifunga virago. Mauritius ikapewa pauni milioni 3. Mwaka uliofuata Marekani ikakubaliwa kujenga kambi. Tatizo lilikuwa moja: Mkataba wa Umoja wa Mataifa unamtaka mwenye koloni atoe taarifa kuhusu watu wake. Pasipo na watu, hakuna taarifa. Kwa hiyo ikabidi pasiwe na watu, kwanza kwenye karatasi.

Hapa ndipo kazi ya mhakiki inapoanza, kwa sababu watumishi wale wa serikali walikuwa wasomaji. Katika maandishi ya ndani ya mwaka 1966, ambayo baadaye yalifika mahakamani, mmoja anafanya mzaha kwamba wakazi pekee watakaobaki ni ndege wa baharini, ambao bado hawajaundiwa kamati ya kuwatetea. Mwenzake anamjibu kwamba, kwa bahati mbaya, pamoja na ndege wamo akina Tarzan na Friday wachache. Tazama anachokifanya. Anawaona watu halisi, mamia kwa mamia, na kalamu yake inawaandika kama wahusika wa riwaya. Friday ni yule mtu wa Robinson Crusoe, kitabu cha 1719, anayepewa jina na mgeni na kufundishwa kumwita huyo mgeni bwana. Kisiwa kisicho na watu ni mandhari ambayo fasihi ya Kiingereza imeipenda kwa miaka 300. Mara hii msomaji wake alikuwa na meli.

Watu wenyewe walikuwa uzao wa watumwa walioletwa kutoka Msumbiji na Madagaska tangu mwishoni mwa karne ya 18 kufanya kazi katika mashamba ya minazi ya Wafaransa. Walikausha mbata, walisema Krioli yao, walikuwa na makanisa na makaburi. Ukoo wa vizazi vitano ukiambiwa kwamba uko hapo kwa mkataba wa kazi, mkataba huo umesainiwa na nani? Hadi 1973 wote walikuwa wameondolewa, watu wapatao 1,500 hadi 2,000 kwa makadirio ya kawaida. Kabla ya safari, mbwa wao walikusanywa katika banda la kukaushia mbata na kuuawa kwa moshi wa magari. Wakati huohuo kulikuwa na mpango wa kujenga uwanja wa ndege wa kijeshi katika kisiwa cha Aldabra, kwenye kobe wakubwa. Wanasayansi wa Uingereza na Marekani walipiga kelele, serikali nayo ilikuwa ikibana matumizi, mpango ukafa. Kobe walikuwa na kamati.

Philippe Sands, katika The Last Colony (2022), ameamua kuupiga vita ukurasa huu kwa silaha yake, sheria. Yeye ni wakili wa Mauritius, na halifichi hilo. Kitabu kinatoka mbali, mwaka 1945, na Ralph Bunche akihangaika kuweka suala la makoloni katika Mkataba wa Umoja wa Mataifa, kinapita kwenye Azimio 1514 la 1960, hadi Mahakama ya Kimataifa ya Haki, chini ya urais wa Msomali Abdulqawi Yusuf, iliposema Februari 2019, kwa kura 13 kwa 1, kwamba Uingereza inapaswa kumaliza utawala wake Chagos haraka iwezekanavyo. Kenya na Umoja wa Afrika walikuwa miongoni mwa waliosimama kuieleza mahakama hiyo. Ni kitabu kizuri. Sands anaeleza kanuni kavu za sheria mpaka unataka kujua kura itaangukia wapi, na hilo si jambo dogo.

Kilele chake ni Liseby Elysé. Alizaliwa Peros Banhos, akaondolewa 1973 akiwa na miaka 20 na mimba, mtoto akafariki. Hajui kusoma wala kuandika, kwa hiyo ushahidi wake ulirekodiwa kwa video, kwa Krioli, dakika chache tu, naye akaketi ukumbini The Hague akijitazama akizungumza. Ni vigumu kusoma kurasa hizo ukabaki mkavu. Lakini nilipomaliza nilibaki na shaka, na shaka hiyo haijaniondoka. Kwenye safu iliyoandikwa sifuri, Sands ameandika moja. Mama Elysé anabeba kila kitu: uchungu wote, haki yote, na juu yake dai la dola la Mauritius. Lakini Wachagossi walioko Crawley, Uingereza, wengine hawaitaki Mauritius kabisa. Wapo wanaokumbuka walivyodharauliwa walipotelemshwa Port Louis. Wapo wanaotaka waulizwe wao kwanza. Katika kitabu cha wakili sauti hizo ni chache mno, na naelewa kwa nini: shahidi mzuri haleti mashahidi wa upande wa pili. Ila sasa tunasoma fasihi, hatusomi hoja za mahakamani.

Shenaz Patel, mwandishi wa Mauritius, alikuwa ameshapita njia nyingine mwaka 2005 katika riwaya yake ya Kifaransa, Le silence des Chagos, aliyoitunga kutokana na masimulizi ya waliofukuzwa. Riwaya ni fupi na haina shangwe ya ushindi. Charlesia anakwenda gatini Port Louis kutazama bahari, kwa sababu meli ya kurudi nyumbani haiji. Désiré alizaliwa ndani ya Nordvær, meli iliyowabeba, na anakua bila kujua aseme ametoka wapi. Patel hamtetei mtu mbele ya jaji. Anaonyesha tu kwamba kuna binadamu ambaye hawezi kujaza fomu, kwa kuwa mahali pa kuzaliwa panataka jina la nchi kavu. Kwangu hilo limeuvunja ukurasa wa takwimu kuliko hukumu yenyewe.

Na ukurasa unaandikwa upya sasa. Tarehe 22 Mei 2025 Uingereza na Mauritius zilitia saini mkataba: mamlaka juu ya visiwa yaende Mauritius, kambi ya Diego Garcia ikodishwe kwa miaka 99, malipo yakiwa wastani wa pauni milioni 101 kwa mwaka. Safu ya serikali itabadilika. Ya uchumi itapata tarakimu nzito. Alfajiri ya siku hiyo wanawake wawili, Wachagossi wenye uraia wa Uingereza, walipata amri ya mahakama ya London iliyosimamisha utiaji saini kwa saa chache, wakilalamika kwamba hawakushirikishwa. Amri ikaondolewa mchana, kalamu zikatembea. Mkataba unairuhusu Mauritius kuwarudisha watu kwenye visiwa vyote isipokuwa Diego Garcia. Wanawake wale wawili walizaliwa Diego Garcia.