Utambuzi wa Usiku: Jinsi Mahakama Inavyopima Macho ya Shahidi wa Mauaji

Katika shauri la mauaji upande wa mashtaka hupaswa kuthibitisha, pasipo kuacha shaka la msingi, kwamba mtu amekufa, kwamba kifo hicho kilitokana na kitendo kisicho halali, kwamba aliyekitenda ni mshtakiwa, na kwamba alikitenda kwa dhamira ovu, ambayo kifungu cha 196 cha Kanuni ya Adhabu ya Tanzania huifanya kiini cha kosa lenyewe. Kifo huelezwa na daktari aliyeuchunguza mwili, na dhamira huweza kusomwa katika aina ya silaha na sehemu ya mwili iliyopigwa. Lakini swali la nani aliyeua, hasa tukio linapokuwa la usiku, mara nyingi huachiwa macho ya mtu mmoja aliyenusurika, na hapo ndipo ushahidi mwingi huporomoka.

Mwaka 1980, katika rufaa ya Waziri Amani, Mahakama ya Rufani ya Tanzania ilieleza kwamba utambuzi wa kuona ni ushahidi dhaifu sana, usiotegemewa mpaka kila uwezekano wa kumfananisha mtu na mwingine uwe umeondolewa. Shahidi anayefananisha hasemi uongo. Anaamini kwa moyo wote anachokisema, na kwa sababu hiyo machozi na uthabiti wake kizimbani havitoshi kuwa kipimo. Kinachopimwa ni mazingira: alimwona mtu huyo kwa muda gani, kwa umbali gani, kwa mwanga upi, na kama aliwahi kumfahamu kabla ya siku hiyo.

Mwanga ndio unaodai maelezo marefu zaidi. Kusema tu kwamba taa ilikuwa inawaka hakutoshi, kwa kuwa koroboi iliyowekwa sakafuni nyuma ya mlango haiangazi kama karabai iliyotundikwa katikati ya chumba, na shahidi hutakiwa kueleza taa ilikuwa ya aina gani, ilikaa wapi, na mwanga wake ulikuwa mkali kiasi gani. Tochi ni mfano mzuri zaidi: ikiwa mvamizi ndiye aliyeishika na kuwamulika waliolala, mwanga uliwapiga wao machoni, naye akabaki gizani nyuma yake, kwa hiyo tochi hiyo hiyo inayotajwa kuwa chanzo cha utambuzi huenda ndiyo iliyouzuia.

Kumtambua jirani hubeba uzito zaidi kuliko kumtambua mgeni, ingawa hata ndugu hufananishwa gizani. Ndiyo maana mahakama huangalia jina lilitajwa lini: katika rufaa ya Marwa Wangiti Mwita ilielezwa kwamba kumtaja mtuhumiwa mapema iwezekanavyo ni dhamana muhimu ya kuaminika kwa shahidi, na kuchelewa bila sababu huzua maswali. Mjane aliyemtaja muuaji kwa majirani waliokimbilia mayowe, kisha akarudia jina hilo hilo polisi, ana ushahidi tofauti kabisa na yule aliyelitaja baada ya mtu kukamatwa.

Pale mtuhumiwa anapokuwa mgeni kwa shahidi, huandaliwa gwaride la utambulisho, ambamo, kwa taratibu za polisi wa Kenya, yeye husimama kati ya watu wasiopungua wanane wanaolingana naye kwa umri, kimo na mwonekano. Lakini gwaride hilo halina thamani ikiwa shahidi alikwisha kumwona kituoni akiwa na pingu.

Sheria haikatazi kumtia mtu hatiani kwa shahidi mmoja, na Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki ilikiri hivyo katika shauri la Abdalla bin Wendo mwaka 1953, ikisisitiza tahadhari kubwa pale mazingira yalipokuwa magumu. Majaji wa rufaa, hata hivyo, hawaioni koroboi wala chumba. Husoma mwenendo wa shauri ulioandikwa, na pale wakili wa serikali asipomuuliza shahidi taa ilikaa wapi, shaka inayobaki humwendea mshtakiwa.