Njuga Kwenye Maji ya Tope

Jigi ni chambo kisichofanana na kiumbe chochote. Ni ndoana moja nene iliyoyeyushiwa kichwa cha risasi shingoni, ikavishwa marinda ya nyuzi za silikoni, ikawekewa kibrashi kigumu cha kuizuia isinase matawini, kisha ikachomekwa mkia wa plastiki laini wenye vipande viwili vinavyopepea kama magando ya kamba. Mkononi ni bonge tu la risasi na mpira. Majini marinda hufumbuka na kufumba, magando huinuka, na bonge lile hupata uhai. Jigi lenye njuga ni hilo hilo, ila limeongezwa kichupa kidogo chenye gololi ndani, kiasi kwamba kila linaposogea au kugonga gogo hulia. Wavuvi wa kusini mwa Marekani hulitoa sandukuni mvua kubwa inaponyesha na maziwa yao yakageuka rangi ya udongo, siku ambazo wengine huona heri wabaki nyumbani.

Anayetafutwa ni besi mdomo-mpana, ambaye kwa muda mrefu wanasayansi wamemwita Micropterus salmoides. Ni samaki wa kuvizia. Hakimbizani na mawindo mwendo mrefu. Hujibanza kando ya kisiki, hungoja, kisha hufumbua mdomo kwa ghafla na kuvuta maji pamoja na chochote kilichomo. Rekodi ya uzito wa besi huyu iliwekwa na George Perry mwaka 1932 katika jimbo la Georgia, kwa samaki wa kilo 10 na kitu. Ilipita miaka 77 kabla ya Manabu Kurita kuifikia rekodi hiyo katika ziwa Biwa, Japani. Umaarufu wa samaki huyu ulizaa mashindano, hasa tangu Ray Scott alipoanzisha chama cha wavuvi wa besi mwaka 1968 huko Alabama, na mashindano ndiyo yaliyosukuma ufundi huu mbele. Siku ya mashindano haiahirishwi kwa sababu maji yamechafuka. Mvuvi hulazimika kujifunza kuvua katika tope au arudi mikono mitupu.

Tope lenyewe lina asili yake. Kusini mwa Marekani udongo ni mwekundu na mzito, na mto Red River umepata jina lake kutokana na rangi hiyo. Tangu TVA, shirika la serikali la bonde la mto Tennessee, lilipoundwa mwaka 1933, na kwa kazi ya wahandisi wa jeshi la nchi hiyo, mito mingi ilizibwa kwa mabwawa, na mabonde yenye misitu na mashamba yakazama. Maziwa yaliyotokea yana visiki, magogo na vichaka chini yake, yaani maskani hasa anayoyataka besi. Mvua za majira ya kuchipua zikinyesha, kila kijito huteremsha udongo ndani ya mabwawa hayo. Mchanga hutua upesi, lakini chembe za mfinyanzi ni ndogo mno na husukumana zenyewe kwa zenyewe, hivyo huelea siku nyingi, wakati mwingine wiki. Watafiti hupima ung'avu wa maji kwa sahani ya Secchi, iliyobuniwa mwaka 1865, ambayo hushushwa kwa kamba mpaka isionekane. Mvuvi hana haja ya sahani. Hushusha jigi lenyewe kando ya mashua na kutazama linapopotelea. Likipotea kabla ya kufika kina cha shubiri moja, siku hiyo ni ya njuga.

Wengi hudhani kwamba maji yakichafuka besi huhamia kilindini. Mara nyingi huwa kinyume. Hupanda kwenye maji mafupi, wakati mwingine ya kina cha goti, na hugandamana na kitu kigumu: kisiki, nguzo ya gati, shina la mti uliozama. Asiyeona mbali huhitaji kitu cha kuegemea. Tena maji ya kahawia hunyonya joto la jua upesi kuliko maji meupe, na mwanzoni mwa majira ya kuchipua joto la nyuzi mbili tatu zaidi humwamsha samaki aliyelala. Hapa pana tofauti ambayo mvuvi mzuri huijali sana. Tope la mvua ya vuguvugu ni neema. Tope la theluji iliyoyeyuka ni balaa, kwa sababu giza na baridi vimekutana, na besi hataki kutikisa hata pezi. Kwa hiyo mvuvi hupima joto la maji kwanza, kabla ya kulaumu rangi yake.

Kwa samaki aliyegandamana na kisiki chake, dunia imepungua ikawa ya upana wa dhiraa moja au pungufu. Jigi likipita nje ya duara hilo, kwake halikupita kabisa. Ufundi wote wa kuvua kwenye tope unatokana na jambo hili moja, na ndipo inapoingia kazi ya njuga.

Besi hana masikio ya nje, lakini ana njia mbili za kuyatambua yasiyoonekana. Ya kwanza ni vijiwe vya chokaa vilivyomo ndani ya fuvu. Mawimbi ya sauti yanapoutikisa mwili wa samaki pamoja na maji, vijiwe hivyo, kwa uzito wake, huchelewa kidogo, na vinywele vilivyo chini yake hupinda na kutoa habari. Ya pili ni mstari wa pembeni, safu ya seli zenye vinywele inayotoka kichwani hadi mkiani, ambayo huhisi maji yanavyosukumwa karibu na mwili. Mstari huu ni hodari ajabu, ila hauendi mbali: masafa yake ni urefu wa mwili wa samaki mara moja au mbili tu.

Sauti hukimbia majini mara nne na zaidi kuliko hewani, na hapo ndipo watu hupotoka. Husikia njuga zikilia mkononi kwa mlio mkali, wakadhani mlio huo utamwita besi kutoka ng'ambo ya ghuba. Besi hana mifupa ya kuunganisha kibofu cha hewa na sikio kama aliyo nayo karpu, kwa hiyo husikia vizuri zaidi sauti nzito, za hertz mia chache. Sehemu kubwa ya mlio mwembamba wa chuma juu ya kioo humpita. Kinachomfikia ni kishindo cha chini yake: gololi zinapogonga ukuta wa kichupa, kichwa cha risasi kinapodunda juu ya gogo, maji yanaposukumwa na marinda. Njuga basi si za kuita. Kazi yake ni kumwambia samaki aliye karibu tayari kwamba kitu kipo hapa, upande huu, na kinatembea. Besi ambaye angefumbua mdomo na kukosa kwa vidole vinne, anapata.

Ndiyo maana mafundi hubishana sana kuhusu kichupa chenyewe, na ubishi wao una maana. Kioo hutoa mlio mkavu ila huvunjika kikigongwa na mwamba. Plastiki hudumu lakini hupoza sauti. Shaba na alumini hukaa katikati. Gololi za risasi ni laini na mlio wake umefifia. Za chuma ni kali. Za tungsteni ni ngumu na nzito kuliko zote. Kosa la kawaida ni kujaza gololi nyingi. Kichupa kikishiba, gololi hazina pa kukimbilia, na jigi huwa bubu. Tatu au nne zenye nafasi ya kuteleza hutosha. Kuhusu mahali pa kupachika, mkanda wa mpira wenye vichupa viwili huzungushwa kwenye shina la ndoana, chini ya marinda, vichupa vikitokeza pembeni kama mbawa. Vikikaa hivyo hulia jigi linapolala ubavu, na jigi hulala ubavu kila linapogusa chini. Wako wanaokisukumia kichupa ndani ya mkia wa plastiki. Sauti hupungua, lakini mwili wa chambo hubaki mwembamba na hupenya vichakani bila kukwama.

Rangi nayo ina neno la kusemwa. Kwa miongo mingi wavuvi wa tope wametumia jigi jeusi lenye bluu, kwa kuwa kitu cheusi hutoa kivuli kilicho wazi zaidi mwanga ukiwa hafifu. Utafiti juu ya macho ya besi umeonyesha kwamba ana aina mbili za seli za kuona rangi, moja ya kijani na nyingine ya nyekundu, na kwamba nyeusi na bluu humchanganya, asiweze kuzitofautisha vizuri. Basi ile bluu ya dukani huenda humpendeza mnunuzi kuliko mla chambo. Si hasara. Jigi linalomtia mvuvi imani hutumiwa kwa uangalifu zaidi, na uangalifu ndio unaohitajika.

Utupaji wa jigi hili ni kitendo cha karibu. Mvuvi husimama kwenye pua ya mashua, umbali wa hatua chache tu kutoka kwenye kisiki, kwa kuwa tope linalomficha samaki linamficha na yeye. Hushika mshipi kwa mkono wa kushoto, hulibembeza jigi chini ya ncha ya fimbo mfano wa timazi, kisha huliachia liende kwa wepesi wake lenyewe. Mbinu hii ilikomaa kwenye matete ya California, na Dee Thomas ndiye aliyeifikisha kwenye mashindano makubwa katikati ya miaka ya 1970. Uzuri wake uko kwenye kutua. Jigi huingia majini bila kurusha tone, sentimeta tano kutoka kwenye gome. Mshindo wa kutupa ovyo humshtua samaki aliye kwenye maji ya kina cha goti, na njuga haziwezi kuurekebisha.

Jigi likishafika chini, mikono hutulia. Ncha ya fimbo hutikiswa mara mbili, si kwa nguvu ya kulihamisha jigi, bali ya kuzitingisha gololi. Kisha kimya. Kimya hicho ni sehemu ya chambo: besi aliyesikia hugeuka, na anahitaji muda wa kugeuka. Halafu kutikisa tena, kimya tena, kisha jigi huinuliwa juu ya tawi, huachwa ligonge upande wa pili, na hupewa nafasi ya kutulia. Wanaoanza hutikisa bila kukoma, na kwa njia hiyo huchukua kitu kilichokuwa mahali pamoja na kukifanya kiwe kila mahali. Kisiki kizuri hustahili mitupo mitano au sita, kila upande, kabla ya kuhama. Kwenye maji meupe huo ungekuwa uvivu. Hapa ndiyo adabu ya kazi.

Besi wa tope hadonoi. Mara nyingi dalili pekee ni kwamba jigi limekuwa zito, au mshipi umeanza kwenda kando bila sababu. Mvuvi hushusha ncha, hukunja mshipi uliolegea, na hukita ndoana kwa nguvu, kwa kuwa kibrashi kile kinachozuia matawi huzuia na mdomo. Mshipi wa kusokotwa, mnene, wa kuhimili kilo 20 na zaidi, haudharauliwi hapa: samaki haoni unene wake, na inabidi aondolewe vichakani mara moja kabla hajajizungusha kwenye mzizi.

Maji yakisafika, njuga huwekwa kando, kwa sababu besi anayeona vizuri hukagua, na kelele humpa shaka. Risasi pia ina deni lake. Ndege waitwao loon wa maziwa ya kaskazini hufa kwa sumu wanapomeza chubwi na majigi yaliyopotea, na jimbo la New Hampshire limepiga marufuku majigi madogo ya risasi. Tungsteni ni ghali, lakini haina sumu hiyo, na kwa ugumu wake hupeleka mkononi kila kokoto inayogusa. Kwa ufundi huu, hiyo ni faida maradufu.

Besi huyu yupo pia Kenya. Aliletwa ziwa Naivasha kutoka Marekani mwishoni mwa miaka ya 1920. Mwaka 1970 akaongezwa kamba mwekundu ambaye asili yake ni Louisiana, akawa chakula chake. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 akaonekana karpu, ambaye huchimbua chini kwa mdomo na kuyavuruga maji, huku mto Malewa ukileta udongo wa mashambani. Hivyo Naivasha ina mambo yote matatu ambayo jigi lenye njuga lilibuniwa kwa ajili yake: besi, kamba na tope. Kingo za mafunjo huchukua nafasi ya visiki, na mkia mwekundu wa kahawia hufaa kuliko mweusi pale kamba walipo wengi. Chini ya ziwa ni matope laini, kwa hiyo jigi la gramu 7 hadi 10 linatosha. Lililo zito zaidi huzama ndani ya tope, marinda hufunga, na gololi hazisikiki tena.