Damu ya Hurmuzan: Nani Alisamehe?

Husemwa mimbarini kwamba Sayyidna Uthman (r.a.) alimsamehe Ubaydullah bin Umar. Kauli hii hatuikubali. Ubaydullah, kwa uchungu wa kuuawa baba yake mwaka 23 Hijria, alimuua Hurmuzan, na Jufayna, na binti mdogo wa Abu Lu'lu'a, bila ya kadhi wala ushahidi. Sayyidna Ali (r.a.) aliona auawe, na waandishi wetu wengi huificha rai hiyo, sijui kwa kumstahi nani!

At-Tabari ana riwaya mbili. Katika moja, Khalifa alijihesabu walii wa asiye na walii, akageuza kisasi kuwa dia, akailipa kwa mali yake. Huo si msamaha wa bure. Na kwa Abu Hanifa, kiongozi wa namna hiyo ana hiari ya kisasi au dia tu. Katika ya pili, muuaji alikabidhiwa mwana wa Hurmuzan, naye ndiye aliyesamehe. Basi kwa riwaya zote mbili, damu ile haikufutwa kwa amri ya mtawala.

Na yule binti? Wanaoieneza kauli ile hata hawamtaji.