Shamba Hufunguliwa Mei

Mwishoni mwa Agosti moshi hupanda kwenye miteremko ya Bukavu: ya Panzi, ya Bagira na ile inayotazama mto Ruzizi. Watu wanafungua mashamba kabla mvua ya Septemba haijaleta msimu A, ule wa kwanza wa kupanda. Majani makavu yanachomwa, jembe linapita juujuu, maharagwe yanaingia ardhini. Kwa wiki chache udongo mwekundu unapendeza macho. Kufika Novemba nyasi zimeshayapita maharagwe kimo, na mwenye shamba analaumu udongo, au mvua, au jirani asiyelima. Ukichunguza kazi yenyewe ilivyofanyika, utaona kwamba mikono haikukosea sana. Kilichokosewa ni mwezi.

Mashamba yaliyofungwa na majani si haba siku hizi. Waasi wa M23 walipoingia Bukavu katikati ya Februari 2025, msimu B, ule wa pili, ndio kwanza ulikuwa unaanza, na aliyekimbia hakupanda. Katika mji ulio kwenye mwinuko wa mita 1,500 hivi, wenye mvua ya zaidi ya milimita 1,200 kwa mwaka, shamba likikosa jembe misimu miwili mitatu huwa pori.

Kabla ya kulima, yasome majani yenyewe. Ukikuta kishona nguo na Galinsoga, ile yenye viua vidogo vya njano vilivyozungukwa na petali chache nyeupe, shukuru: hayo ni magugu ya mbegu, huota penye rutuba, na ukiyafyeka kabla hayajazaa umemaliza kazi nusu. Taabu iko kwenye nyasi zinazoishi chini. Mojawapo ni Digitaria abyssinica, ambayo wakulima wa Kenya huiita sangari na majirani zetu wa Rwanda urwiri. Nyingine ni Imperata cylindrica, yenye shuke jeupe laini kama pamba. Zikitawala hizi mbili, mara nyingi udongo nao umechoka, kwa hiyo una kazi mbili badala ya moja.

Nyasi hizi huweka akiba yake katika mashina tambazi, yale ya rangi ya krimu yenye mafundo, yanayosukana chini ya udongo. Kila fundo lina chipukizi. Jembe la kawaida likilikata shina moja mara tano, umepata vipande sita, na kila kipande chenye fundo hai kinaweza kuwa mche. Ndiyo maana shamba lililolimwa kwa bidii mwezi wa Septemba, udongo ukiwa na maji, hurudi na nyasi nyingi kuliko zile zilizofyekwa: mkulima amezipanda kwa mkono wake na mvua imezimwagilia. Moto nao haulifikii shina lililo sentimita kumi chini ya udongo. Imperata hasa huchipua upesi baada ya kuungua, na mara nyingi hutoa maua, wakati mimea iliyokuwa ikiitia kivuli imekwisha kuteketea. Jivu huupa udongo potasi kidogo, kisha mvua ya kwanza hulishusha bondeni.

Kazi inayofaa huanza mvua za mwisho zinapokatika, mwishoni mwa Mei au mwanzoni mwa Juni. Ukingoja Julai, udongo huu wa mfinyanzi unakuwa mgumu hata jembe linaruka. Ukiwahi sana, mvua iliyobaki inavifufua vipande. Katikati kuna siku chache ambapo ardhi bado ina unyevu wa kukubali chuma, na jua la miezi miwili liko mbele. Kwanza majani ya juu hufyekwa kwa panga na kupelekwa kwa mbuzi, au kwa simbilisi, mfugo ambao familia nyingi za Kivu Kusini zimeupenda tangu miaka ya vita kwa sababu hulishwa majani, hufugwa jikoni na hubebeka mtu anapokimbia. Samadi yao itarudi shambani.

Halafu jembe la meno. Hili halikati, hupenya na kuinua. Bonge la udongo hugeuzwa zima, ukubwa wa kichwa cha mtu au zaidi, mizizi ikitazama juu, na huachwa hivyo hivyo. Hapo ndipo wengi hushindwa kujizuia, wakaanza kupondaponda ili shamba lionekane limelimwa. Lisipondwe. Bonge lililoinuka hupitisha hewa pande zote, na mashina yaliyomo hukauka pole pole Juni na Julai. Baadaye, katika Agosti, ukiligonga kwa mgongo wa jembe linapasuka na mashina yanatoka marefu, ya kahawia, mepesi. Chukua moja ulikunje. Likivunjika kwa mlio, limekufa, na linaweza kwenda kwenye mboji. Likipinda, bado lina uhai: liwekwe juu ya mawe lipate jua zaidi.

Yatakayobaki, na lazima yabaki, yatachipua mvua ikirudi. Hapa kinachotakiwa ni kuwahi. Chipukizi changa huishi kwa kula akiba ya shina. Likishafikisha majani matatu au manne huanza kurudisha chakula chini. Likatwe kabla ya hapo, na likirudi likatwe tena, kila mara akiba inapungua. Anayepalilia mara moja tu, nyasi zikiwa zimefika magotini, amezingoja zijaze ghala ndipo akavunja paa.

Sasa mteremko. Maelezo mengi ya kusafisha shamba yameandikwa na watu wa ardhi tambarare, na Bukavu haina anasa hiyo. Mtu akivua kilima chote nguo kwa mara moja, dhoruba ya Septemba itakishusha ziwani Kivu, pengine pamoja na ukuta wa jirani wa chini. Wabelgiji walilazimisha watu wachimbe mifereji ya kuzuia mmomonyoko miaka ya 1940 na 1950, na kulazimishwa huko kuliifanya kazi ichukiwe. Lakini hesabu ya maji haikubadilika kwa sababu aliyeileta alikuwa mkoloni. Shamba lifunguliwe kwa vipande vinavyokata mteremko, na kati ya kipande na kipande uachwe ukanda wa majani wa upana wa hatua moja.

Kupata mstari sawa hakuhitaji fundi. Miti miwili ya urefu mmoja huungwa juu na kutanuliwa miguu, mti wa tatu hufungwa katikati kama herufi A, na kamba yenye jiwe huning'inizwa kileleni. Simamisha miguu juu ya vigingi viwili, weka alama pale kamba inapogusa mti wa katikati. Badilisha miguu, weka alama ya pili. Katikati ya alama hizo ndipo penye usawa. Baada ya hapo unatembea na kipimo hicho mteremko mzima, mguu kwa mguu.

Ukanda ulioachwa una hila yake, maana sangari itatambaa kutoka humo kurudi kitaluni. Mfereji wa sentimita 30 ukingoni huikata, na baada ya mwaka ukanda wenyewe hugeuzwa kuwa wa setaria au matete, malisho yanayoshika udongo bila kutambaa namna ile.

Kwa rutuba, tazama kando ya barabara. Ua la njano lililojaa kila ukingo wa Kivu Kusini, Tithonia diversifolia, lina katika majani yake makavu takriban asilimia 3.5 ya naitrojeni na asilimia 4 ya potasi. Kwa kuwa sehemu kubwa ya jani bichi ni maji, kilo 100 mbichi hubaki kama 20, zenye karibu kilo 0.7 ya naitrojeni. Si nyingi, ila ni bure. Tumia majani na ncha laini tu, maana shina likilazwa kwenye udongo wenye maji huota.

Dawa ya kuua nyasi inafanya kazi, kwa sharti ambalo wauzaji hawalisemi: glifosati huingia kwa jani bichi linalokua. Kuipuliza Julai juu ya majani makavu ni kutupa pesa. Nayo ikiwa imefungwa katika chupa ya maji isiyo na lebo, hujui unapuliza nini.

Basi kwa nini watu wanaojua haya yote wangali wanachoma Agosti? Jibu liko kwenye mkataba. Katika Bushi, nchi ya Washi, anayeshika ardhi kwa kalinzi ana haki ya kudumu na huweza kupanda hata migomba. Anayelima kwa bwasa amekodi msimu au mwaka, na mazao ya kudumu hayakubaliwi. Mjini kuna wanaolima viwanja vya watu wanaongoja kujenga. Huyu wa bwasa akianza Mei, atawasafishia wengine shamba. Sioni ubishi wa kitaalamu hapo; naona bei. Mwenye ardhi anayetaka ifunguliwe vizuri asamehe kodi ya msimu wa kwanza na aahidi misimu mitatu, mbele ya mashahidi. Kwa ahadi kama hiyo mpangaji anaweza kuanza na viazi vitamu, ambavyo majani yake hufunika udongo na kuinyima Imperata mwanga, na kila anapochimba viazi anaokota mashina yaliyobaki. Bila ahadi hiyo atapanda maharagwe, avune, aondoke.

Februari, msimu B unapofunguliwa, ukaguzi uanzie kwenye ule mfereji wa ukingoni. Ukiwa umejaa udongo, uzibuliwe kabla mbegu yoyote haijaingia kitaluni.