Bustani ya Bibi: Kutoka Amani Hadi Pwani

Katika mambo ambayo mtu huyarithi kwa wazee wake bila ya wasia wala hati, namna ya kupanda mboga nyuma ya nyumba ni miongoni mwa yale yenye thamani kubwa, kwa sababu hulisha jamaa kila siku, na hudumu katika kumbukumbu hata baada ya mwenye bustani kufariki dunia. Walakini urithi huu una mtihani wake: mrithi aghalabu hukumbuka matendo, ilhali sababu za matendo hayo hakuelezwa, maana alipokuwa mtoto aliamrishwa tu ashike jembe, amwage maji na ang'oe magugu. Nakusudia kuchambua hapa jinsi bustani ya mboga aliyoilima bibi yetu huko Amani, katika milima ya Usambara ya Mashariki, ilivyofanywa upya na sisi wajukuu wake katika ua wa nyumba ya Tanga mjini, jirani na bahari. Na dai langu ni kwamba kilichostahili kuigwa hakikuwa tendo, bali hikima iliyolizaa.

Bibi alikuwa na desturi tatu ambazo hakuna mjukuu aliyezisahau. Alimwaga majivu ya jikoni juu ya udongo kabla ya kupanda. Aliinua matuta marefu yaliyokata mteremko. Na hakupanda nyanya mahali pamoja misimu miwili mfululizo. Kabla ya kuzichukua desturi hizo, tulilinganisha nchi mbili. Amani iko juu ya usawa wa bahari kwa takriban mita 900, hupata mvua karibu milimita 2,000 kwa mwaka, na udongo wake ni mwekundu, wenye kina kirefu, uliooshwa na mvua za dahari nyingi hata chokaa yake ikachukuliwa na maji, ukabaki na asidi. Ua wetu wa Tanga, kinyume chake, ni kichanga chepesi kilicholala juu ya mwamba wa matumbawe, chini ya jua kali, mahali ambapo mvua ni haba kuliko ya mlimani.

Tuanze na majivu. Majivu ya kuni yana potasiamu na yana chokaa, na kazi yake katika udongo wenye asidi ni kuituliza asidi hiyo ili mizizi ipate chakula chake. Kwa hiyo bibi alifanya jambo sahihi kabisa mahali alipokuwa. Ama kwa pwani, tulichukua ukufi wa udongo mkavu, tukautia katika kisahani na kuumiminia siki kidogo. Papo hapo ukatoa povu na sauti ndogo ya kuchemka, dalili ya yakini kwamba chokaa ya matumbawe imo humo tayari. Udongo wa namna hii ukiongezewa majivu hufunga madini ya chuma, na mmea huonyesha dhiki yake kwa alama iliyo dhahiri: majani machanga hugeuka manjano huku mishipa yake ikibaki kijani. Majivu basi tuliyaacha, na tukayatafutia badala yake kitu kitakachotimiza kusudi lile lile la bibi la kuulisha udongo.

Kitu hicho kilikuwa mboji. Tuliweka biwi kivulini, tabaka juu ya tabaka: majani makavu yaliyofagiwa uani, kisha maganda ya ndizi na mabaki ya mboga, kisha samadi ya mbuzi, na kila tabaka likanyunyiziwa maji hata likawa na unyevu bila ya kuchuruzika. Vitu vikavu huipa mboji mwili, vitu vibichi na samadi huipa nguvu ya kuoza. Vikavu vikizidi biwi hulala baridi, na vibichi vikizidi hunuka. Ukiingiza kijiti kirefu katikati ya biwi lililopangwa vizuri, na kukichomoa baada ya siku chache, utakikuta kina joto mkononi, nayo ndiyo ishara kwamba kazi inaendelea ndani. Biwi hupinduliwa kila baada ya majuma kadhaa ili lipate hewa, mpaka lote liwe jeusi, lenye kumeguka na lenye harufu ya udongo uliopata mvua. Katika kichanga faida ya mboji ni mbili kwa pamoja, maana hulisha mmea, na huyazuia maji ambayo pasipo nayo yangepita moja kwa moja kwenda chini.

Jambo la pili, matuta, lilitaka kugeuzwa kabisa. Bibi aliinua matuta kwa kuwa adui yake alikuwa maji mengi: tuta lililoinuka huepusha mizizi isizame, na likikata mteremko huzuia udongo usichukuliwe. Adui wetu alikuwa uchache wa maji, na kwa ajili hiyo tulichimba vitalu vikashuka chini kadiri ya shubiri moja, tukachanganya mboji na kichanga humo, tukaacha kingo zikiwa juu ili kila tone libaki pale lilipomwagwa. Juu ya udongo tulitandaza majani makavu ili jua lisiukaushe, na upande wa kusini, ambako upepo wa kusi huja na chumvi ya bahari, tulisimamisha ua wa makuti. Tazama, msomaji, kwamba kwa mkono tulitenda kinyume cha bibi, na kwa akili tulimfuata, kwani yeye na sisi sote tuliyatawala maji.

Yapo mambo ambayo hayakuhitaji mabadiliko, kwa sababu hayategemei nchi bali tabia ya mmea wenyewe. Mbegu za mchicha ni ndogo mno, gramu moja ikiwa na mbegu zaidi ya 1,000, na mkono hauwezi kuzihesabu; bibi alizichanganya na mchanga mkavu kabla ya kuzisia, ili zitawanyike, naye alizifunika kwa udongo mwembamba tu. Hakusia kitalu kizima kwa siku moja, bali alisia ukanda mmoja, na baada ya majuma mawili ukanda mwingine. Na kwa kuwa mchicha huwa tayari kuchumwa baada ya majuma matatu hadi manne, mboga haikukatika mezani wala haikuzidi hata ikaharibika.

Kadhalika desturi yake ya kuhamisha nyanya. Nyanya, mabilingani, nyanya chungu, pilipili na mnavu ni jamaa moja, na maradhi ya mmoja huwapata wengine, hususan mnyauko wa bakteria, ambao hubaki udongoni ukimngojea mgeni anayefuata. Ukiona mche umenyauka ghafla ukiwa bado kijani, kata kipande cha shina karibu na ardhi, ukining'inize katika bilauri ya maji safi: kikitoa uzi mweupe kama maziwa unaoteremka majini, ndio ugonjwa wenyewe, na mche huo hauna dawa ila kung'olewa na kupelekwa mbali na biwi. Bibi baada ya nyanya alipanda mahindi, na baada ya mahindi kunde, ambazo mizizi yake ina vifundo vinavyokaliwa na bakteria wema wenye kuipatia ardhi naitrojeni. Nasi tumeshika mpango huo vivyo hivyo, tukikata kunde juu ya ardhi na kuiacha mizizi iozee ndani.

Hukumu yangu mintarafu ya jambo hili ni kwamba wazee wetu walikuwa wataalamu, na utaalamu hupotea pale mrithi anapouchukua kama mazoea matupu. Basi wewe uliye na bibi, mama au shangazi aliyewahi kulima mboga, nenda ukamwulize maadamu yu hai, wala usimwulize alifanya nini tu, bali mwulize kwa nini alifanya. Kisha mimina siki juu ya udongo wako, utazame maji yanakwendaje, ndipo upande.