Ukuta wa Mizizi

Sheria ya Marekani ya 1862 ilimpa mlowezi ekari 160 kwa sharti la kuzikalia na kuzilima miaka 5. Kuzikalia kulitaka nyumba. Katika kaunti ya Custer, katikati ya Nebraska, miti ilikuwa haba na kuni tu zilikuwa shida, sembuse mbao. (Ardhi yenyewe ilikuwa ya Wapawnee, waliokwisha kuhamishiwa kusini kufikia 1875; hilo sheria haikulitaja.) Walowezi wakajenga kwa nyika yenyewe.

Msomaji asidhani ni nyumba ya kukandika. Hapakuwa na fito wala tofali. Nyasi za pale zilikuwa zimesuka mizizi ndani ya udongo kama ukili, na plau ya kazi hiyo haikuuvunja: iliuchana utepe mrefu wa upana wa futi 1 na unene wa inchi 4 hivi. Koleo ikaukata vipande vya futi 2 hadi 3. Vya asubuhi vilijengwa siku hiyohiyo, kabla havijakauka vikamomonyoka. Vililazwa nyasi zikitazama chini, safu mbili bega kwa bega, viungo vikipishana. Kila baada ya safu chache, vipande vikakingamishwa kuufunga ukuta.

Ukuta wa namna hiyo hushuka unapokauka. Kwa hiyo juu ya fremu ya dirisha fundi aliacha mwanya, akauziba kwa matambara yanayobonyea. Kwangu, ufundi wote uko kwenye matambara hayo. Asiyeacha mwanya, ukuta ulimkalia dirisha.

Paa ndilo lililowashinda. Udongo uleule juu ya boriti na matawi ulivuja matope, na mvua ikikatika nje, ndani iliendelea kudondoka. Kina mama walitundika chini ya paa kitambaa cha pamba, ndugu wa merikani yetu, kudaka vumbi na mara nyingine nyoka.

Ukuta haukuwa na neno. Karibu na Broken Bow, Mbelgiji Isadore Haumont aliupandisha ghorofa miaka ya 1880. Nyumba ikasimama hadi 1967. Ile ya William Dowse, karibu na Comstock, ilijengwa 1900, ikakaliwa hadi 1959, na leo ni makumbusho. Kuta zake zimepigwa lipu. Paa ni la mbao.